Mguu Uliotangulia

Haroub alikuwa amezika watu wengi maishani mwake, wazazi wake wote wawili wakiwamo, lakini maziko yaliyomkaa rohoni hayakuwa ya mtu mzima. Yalikuwa ya mguu.

Ulikuwa mguu wa kaka yake, Abdulghani, aliyevuka kutoka Pemba kuja kutibiwa Tanga na kufikia nyumbani kwa Haroub, Chumbageni. Kisukari kilikuwa kimemla kimyakimya miaka na miaka. Kidonda cha kidole kikapanda, madaktari wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti. Muuguzi akatoka na furushi la shuka, akauliza kama ndugu watalichukua au hospitali iliteketeze. Haroub hakupenda kiungo cha Mwislamu kitiwe motoni. Akalipokea. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akapanda nalo bajaji kalipakata kama mtoto aliyelala, na dereva alipomwuliza amebeba nini, akajibu, "Amana."

Makaburini alichimba mwenyewe, karibu na ukuta. Akauvika mguu kitambaa cheupe, akaulaza, kisha akasimama hajui asome nini. Dua ya maiti aliijua, lakini mwenye mguu alikuwa hai, yuko wodini anaulizia chai.

"Umeuweka wapi?" Abdulghani alimwuliza jioni ile.

"Pahala pazuri, kaka. Ukipata nguvu nitakupeleka ukapaone."

Abdulghani alikaa kwa mdogo wake wiki chache, akitembelea gongo moja katika chumba cha uani. Kisha akasema anataka kwao. Akarudishwa Wete, na mwezi haukwisha akafariki. Akazikwa kule, ubavuni mwa baba yao. Mguu ukabaki Tanga peke yake, na Haroub hakuwahi kumwonyesha mwenyewe ulipolala.

Miaka ikapita juu ya jambo hilo kama vumbi juu ya kabati. Haroub alikuwa fundi wa majokofu na viyoyozi, mtu wa maneno machache na mikono mizuri, na kazi ilimpeleka huku na huku. Ndivyo alivyofika Muheza siku ile kufunga kiyoyozi kwenye ukuta wa duka. Ngazi iliteleza. Aliangukia mguu wa kushoto, na kabla hajasikia maumivu alisikia muundi ukilia kama ukuni mkavu.

Hospitalini Tanga walimpima damu kabla ya kumpasua, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba na yeye ana kisukari, tena si cha jana. Daktari wa mifupa, Castory, hakutaka kumgusa kwa kisu mpaka sukari ishuke. Wakamdunga sindano za insulini kwa siku kadhaa. Iliposhuka, wakamfungua, wakaushika mfupa kwa bamba la chuma na skrubu zake, wakamshona. Siku hiyohiyo walimwekea bamba la namna ileile kijana mmoja wa Maramba, mkulima, jina lake Ernesti, aliyeanguka kutoka kwenye mfenesi. Vitanda vyao vilikaa jirani. Walicheka pamoja, wakisema sasa wao ni ndugu wa chuma.

"Mzee Haroub," daktari alimwambia siku ya kuruhusiwa, "mwenzako huyu nimemwambia apumzike tu. Wewe una kazi mbili. Upumzike, na sindano usiiache hata siku moja. Chuma hiki kitakaa salama kama damu yako iko salama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Alielewa, ndiyo. Lakini alikuwa na hesabu yake mwenyewe kichwani, na hesabu hiyo hakumwambia mtu. Aliukumbuka mwendo wa Abdulghani: kwanza sindano, kisha kidonda, kisha msumeno. Sindano ndiyo iliyofungua mlango. Basi yeye mlango huo hataufungua. Kichupa cha insulini alikitia kwenye jokofu nyuma ya mtungi wa maji, na kila asubuhi aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani kwa muda wa mtu anayejidunga, kisha akatoka. Mkewe, Kazija, akaridhika.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda. Kisha ukaja ubaridi.

Ulianzia kidole gumba, ukapanda. Si baridi ya homa. Ilikuwa baridi ya kitu kilicholala udongoni. Huku chini kumepoa, na pale penye bamba panafuka moto, kama kwamba mguu umegawanywa baina ya wawili. Akiugusa kwa mkono, ngozi ilikuwa na joto la kawaida. Akiuacha, ubaridi ukarudi.

Kazija alikuwa akisomesha watoto Kurani chuoni, naye huondoka baada ya sala ya adhuhuri. Saa hizo mtaa hutulia, watu wamelala au wamejificha jua, hata kuku hawasikiki. Ndipo Haroub alipoanza kusikia hatua uani. Gongo, kisha kimya, kisha mguu mmoja ukiburura kandambili. Gongo, kimya, kandambili. Zilitoka chumba cha uani, zikapita jikoni, zikaja mpaka kizingiti cha chumba chake. Hapo zilisimama.

Mara ya kwanza aliita, "Nani?" Hakujibiwa. Mara ya pili hakuita. Alifumba macho, akasoma Ayatul Kursi, akaanza tena alipokosea. Alipofumbua, pazia la mlangoni lilikuwa limetulia tuli, na kifundo chake cha mguu kilikuwa kimeshikwa. Hakuona mkono. Ila alizihisi nafasi za vidole, kimoja kimoja, vikikaza kwa upole, kama mtu anayepima kiatu.

Siku chache baadaye mshono ulifumuka pahala padogo, tundu la kuingia kichwa cha kiberiti. Likatoa maji meupe. Haroub alilifunika kwa gozi, kitambaa cha vidonda, akavaa suruali ndefu.

Siku ya kliniki alimkuta Ernesti kwenye foleni. Kijana alinyanyuka kumpisha akae. Alinyanyuka kwa miguu yake miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Ah! Gongo liko wapi?"

"Nimeliacha Maramba, mzee. Daktari kasema mfupa umeshika chuma, na chuma kimeshika mfupa. Natembea mpaka shambani. Na wewe?"

"Naendelea," Haroub alisema. Jina lake lilipokaribia kuitwa, alijifanya anakwenda msalani, akatoka nje ya geti, akarudi nyumbani. Njia nzima alijiuliza. Siku moja, daktari mmoja, chuma kimoja. Kwa nini mwili wa yule umekipokea na wake umekikataa? Jibu lililomjia halikuwa na sukari ndani yake. Lilikuwa mguu wa kushoto, chini ya goti. Abdulghani alikuwa anadai mguu, na asipopewa wake atachukua wa ndugu yake.

Kazija ndiye aliyegundua. Jokofu la fundi wa majokofu lilikuwa limeharibika, kama ilivyo ada ya nyumba za mafundi, naye alikuwa akitoa vitu kulisafisha. Akakuta kichupa nyuma ya mtungi. Kifuniko chake cha plastiki hakijang'olewa. Akaja nacho chumbani kakishika mbele yake.

"Baba Samira. Hiki nini?"

Haroub aliivuta suruali chini zaidi.

"Nakuuliza wewe. Kila asubuhi unajifungia humu. Unafanya nini?"

"Nakaa."

"Unakaa!" Sauti yake ilipanda, kisha ikakatika. Alikuwa ameona suruali. Doa lilikuwa limepenya gozi na kitambaa, la manjano, limekauka pembeni. Alipiga magoti, akaipandisha suruali, na harufu ikamfikia kabla ya kuona. Tundu lilikuwa limekuwa mdomo. Ndani yake, katikati ya nyama ya kijivu, kilimeta kitu cheupe kama jino. Kilikuwa chuma.

Kazija hakupiga kelele. Aliuliza polepole, "Kwa nini, Haroub?" Miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina lake.

Basi Haroub akamweleza. Hatua za uani, kifundo kinavyoshikwa, ahadi aliyompa kaka yake ambayo hakuitimiza, na sindano inavyoutangulia msumeno. Alisema yote akitazama ukuta. Alipomaliza alimtazama mkewe, akitaraji acheke, akiogopa atacheka.

"Nami nimezisikia," Kazija alisema.

Haroub alilitazama pazia la mlangoni.

"Alfajiri moja, nikitia udhu. Nikadhani ni wewe umeamka." Akakikaza kichupa mkononi. "Lakini nisikilize. Anayetembea na atembee. Sindano ni sindano. Kaka yako hakukatwa kwa sababu alidungwa. Alidungwa kwa sababu alikuwa ameshachelewa, na mimi niliyemuosha kile kidonda ndiye ninayekwambia. Leo tunakwenda hospitali."

"Kwanza makaburini."

"Haroub!"

"Kwanza makaburini, Mama Samira. Nikamwambie. Kisha nipeleke unakotaka."

Kazija akaona kwamba bila hilo hamtoi kitandani. Akaita bajaji.

Jua lilikuwa la utosi walipofika. Haroub aliingia kwa magongo, Kazija nyuma yake kamshika kiuno. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani, na pale akasimama. Ukuta haukuwa ule. Wa zamani ulibomoka kwa mvua, wakajenga mwingine mbele zaidi, na ardhi baina ya kuta hizo mbili ilikuwa imejaa makaburi mapya, mengine yamesakafiwa, mengine vifusi tu vya udongo mwekundu. Alitafuta jiwe aliloliweka kama alama siku ile. Alihesabu hatua kutoka getini, akapotea, akaanza upya. Alisimama juu ya pahala pamoja, akasema, "Ni hapa." Akasogea. "La, hapa." Jasho lilimtoka huku meno yakigongana.

"Tosha sasa," Kazija alisema. "Muombee popote ulipo. Mungu ndiye anayejua mguu ulipo."

"Kaka," Haroub aliita. "Kaka, sipaoni."

Hapo akazisikia, nyuma yake, kwenye changarawe. Gongo, kimya, kandambili. Aligeuka kwa haraka, magongo yakampotea, na akaanguka baina ya makaburi mawili. Kitu cha mwisho alichokiona ni uso wa Kazija juu yake, mweusi kwa sababu ya jua, ukipiga yowe.

Alizindukia wodini, maji yakiingia mkononi kwa mrija. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene wa makamo anayeitwa Ritha, alikuwa akimtoboa kidole kupima sukari. Alisoma kipimo, akaguna, akaondoka. Ghadhabu alimwachia Dokta Castory.

Lakini Castory hakugomba. Alivuta kiti, akakaa.

"Mzee wangu, nataka uelewe kinachotokea humo ndani, maana wewe ni fundi. Mwili ukitiwa kitu kigeni unajua. Haukubali tu. Unakipelekea askari wake wakile. Chuma hakiliki, basi wakichoka wanakijengea kiwambo chembamba kukizunguka, wanarudi kambini, na mfupa unaota mpaka unakumbatia skrubu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana wa Maramba."

"Na kwangu?"

"Kwako damu imejaa sukari. Askari wamelewa. Wanapigana kila siku na hawamalizi vita, wanaunguza nyumba wanayoilinda. Kiwambo kinakuwa kinene na kibovu, mishipa midogo ya damu imeziba haifikishi chakula, na mfupa hauoti. Vijidudu vikiingia vinajitandaza juu ya chuma, vinajifunika utando, na dawa nikiimwaga haivipati. Mpaka chuma kitoke."

"Kimeingia kutu?"

"Hakijaingia kutu. Chuma ni kizima. Kilichokosa amani ni mwili." Akamtazama. "Kesho nakufungua. Nikikuta mfupa una uhai, natoa bamba, nasafisha, nakufunga vyuma vya nje, vile mnavyoviita antena. Nikikuta umekufa..."

Kazija alipoingia saa ya kutazama wagonjwa, Haroub alimshika kanga.

"Wakiukata, usiuzike."

"Nifanye nini nao?"

"Sijui. Ila usiuache peke yake."

Kazija alimfuta jasho. "Hakuna atakayeachwa peke yake," alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika wowote.

Walimchoma sindano ya mgongo, na kuanzia kiunoni akatoweka. Pazia la kijani liliwekwa kifuani asione. Alikuwa macho. Ritha alikaa kichwani pake, akimshika bega. Haroub alisikia kila kitu, hakuhisi lolote. Alisikia Castory akiomba hiki na kile. Alisikia maji yakimwagwa, yakinyonywa. Kisha akasikia kitu kidogo cha chuma kikianguka kwenye sinia. Kikafuata kingine. Skrubu zilikuwa zinatoka bila kubishana, kama misumari kwenye ubao ulioliwa na mchwa.

"Hazikushika hata kidogo," mtu mmoja alisema nyuma ya pazia.

Kisha ikaanza mashine. Ililia kwa sauti kali, ikakutana na kitu kigumu, sauti ikabadilika. Haroub alijua sauti za mashine. Alijua inavyolia ikikata.

"Mnakata," alisema. "Dada Ritha, mnakata!"

"Hatukati, baba. Tunatoboa matundu ya antena. Tulia."

"Niapie."

"Haki ya Mungu, baba. Mguu uko."

Mashine ikanyamaza. Na katika ule unyamavu, nje kwenye ukumbi, Haroub akasikia gongo. Likaja, likaja, likasimama mlangoni. Alimtazama Ritha, akaona jambo ambalo baadaye alijiuliza mara nyingi kama aliliona kweli: Ritha aligeuza uso kuelekea mlangoni, kama mtu aliyesikia anabishiwa hodi.

"Nani huyo?" Haroub alinong'ona.

"Mgonjwa tu," Ritha alisema, lakini aliendelea kuutazama mlango.

Haroub alilamba midomo iliyokauka. "Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sikupaona. Nilitafuta, sikupaona. Huu ni wangu. Niachie."

Mashine ikaanza tena, na kama kulikuwa na hatua zilizoondoka, hakuzisikia.

Mguu ulibaki. Mfupa, Castory alisema, ulikuwa hai upande mmoja, na upande mmoja ulitosha kwa mtu mwenye subira. Alimwonyesha bamba walilolitoa. Lilikuwa linang'aa, halina alama hata moja, kama lilivyotoka kiwandani, na hilo lilimtisha Haroub kuliko kama lingekuwa limeoza. Kitu kisafi namna ile kukaa mle ndani na kila kilichokizunguka kikageuka usaha! Alimwomba daktari akiondoe machoni pake.

Zikafuata siku za antena, fimbo za chuma zikitoka nyamani kama miiba, Kazija akizisafisha moja moja kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Haroub alijidunga mbele yake. Mikono iliyozoea kuunga mirija ya shaba ilikuwa mizito mwanzoni kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe, kisha ikazoea. Sukari ikashuka, ikatulia. Tundu likajaa nyama nyekundu, si ile ya kijivu. Ernesti alikuja kumwona, akaleta fenesi kisha akaona haya, maana alikumbuka mwenyeji wake hawezi kulila. Kazija akaligawa kwa watoto wa chuoni.

Mfupa uliunga polepole, ukaunga umepinda kidogo, na mguu ukawa mfupi kuliko mwenzake. Antena zikatolewa. Haroub akarudi kazini, ila ngazi hakupanda tena. Majokofu yaliletwa nyumbani, naye akayatengeneza uani kwenye kigoda.

Saa za mchana, mtaa ukitulia, aliinua kichwa kutoka kwenye kazi na kusikiliza. Zilipita siku nyingi bila kitu. Siku nyingine alidhani amesikia, akamwombea kaka yake, akaendelea kukaza nati. Hakumwuliza tena Kazija kama na yeye anasikia. Kazija naye hakusema.

Asubuhi moja Kazija alikuwa akimkagua miguu, kama Ritha alivyomfundisha: katikati ya vidole, kisigino, chini ya unyayo. Alimaliza wa kushoto, wenye makovu, akaupangusa. Akaushika wa kulia, ule mzima, ambao haukupata kuumwa hata siku moja. Akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Mkono wake ukasita.

"Umekanyaga nini?"

"Sikukanyaga kitu."

"Haroub, umekanyaga nini?"

"Nakwambia sikukanyaga kitu. Kwani kuna nini?"

Kazija aliusogeza karibu na macho. Alibana kitu kwa kucha mbili, akavuta. Haroub aliona mkono wake ukivuta, akaona misuli ya shingo yake ikikaza, na hakuhisi chochote, kama kwamba mguu ule ulikuwa wa mtu mwingine aliyeketi mbali. Kazija alifungua kiganja. Palikuwa na kipande cha bati la jokofu, chembamba, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, na damu yake ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

Walitazamana.

"Kimekaa siku ngapi humo?" Haroub aliuliza.

"Mguu wako, wewe hujui?"

Hakujua. Alitia mkono kwenye unyayo, akaubonyeza, akaubonyeza tena kwa nguvu. Nje muuza samaki alikuwa akipita anaita. Haroub alisimama, akachukua gongo lake mlangoni, akavaa kofia.

"Twende," alisema. "Twende sasa hivi, kabla hakijaingia kingine."

Kazija alifunga kile kibati kwenye pindo la kanga ili wakamwonyeshe Castory, akamshika mkono, wakatoka. Mlango wa uani waliuacha wazi.